Kukifuata Kilele cha Maji: Safari ya Mto Severn Katika Mvua za Februari

Alhamisi, Llanidloes hadi Welshpool

Tumeanzia juu, kwa sababu mafuriko ya mto mrefu hayaeleweki kwa kusimama mahali pamoja na kuyatazama. Mto Severn una urefu wa kilomita 354 na ndio mrefu kuliko yote katika kisiwa cha Britania. Huanzia katika kinamasi kilicho kwenye mlima Pumlumon huko Wales, takriban mita 610 juu ya usawa wa bahari, ukateremkia mashariki na kuingia Uingereza, kisha ukapinda kuelekea kusini na mwishowe kusini-magharibi hadi unapoingia baharini karibu na Bristol. Mvua ikinyesha kwa nguvu katika milima ile, maji yake huwafikia watu wa Gloucester siku kadhaa baadaye, pengine wakati ambapo mbingu juu yao ni nyeupe na hakuna hata tone linaloanguka. Nilitaka kukifuata kilele hicho cha maji, yaani kimo cha juu kabisa cha mafuriko kinaposhuka na mto, kwa gari, mji baada ya mji, nione kila mji unavyokipokea na unavyokikabidhi kwa ule wa chini yake.

Shemeji yangu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiendesha lori katika barabara za magharibi ya Uingereza, alikubali kunipeleka kwa sharti moja. Aliniambia, "Shemeji, maji ambayo sioni lami chini yake siyaingii, hata ukinibembeleza." Sharti hilo lina msingi. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 tu yanatosha kuliinua gari dogo na kulisukuma, na katika barabara za mashambani mtaro wa kando hauonekani tena mara maji yanapousawazisha na lami.

Asubuhi tulisimama juu ya bwawa la Clywedog, karibu na mji wa Llanidloes. Bwawa hilo lilifunguliwa mwaka 1967, ukuta wake una kimo cha mita 72, na kazi yake kubwa ni kuuongezea mto maji wakati wa kiangazi ili miji ya chini ipate ya kunywa. Katika majira ya baridi wasimamizi wake huacha nafasi tupu ya kupokea maji ya mvua kubwa, na hivyo kuupunguzia mto sehemu ya mzigo wake. Ni sehemu ndogo, hata hivyo, kwa sababu vijito vingi vinavyoulisha Severn havipitii hapo kabisa. Tuliviona njiani, vikiporomoka kando ya barabara vikiwa na rangi ya chai, kila kimoja kikikimbilia bondeni.

Majira yenyewe yana mchango mkubwa. Wakati wa kiangazi udongo huwa mkavu, miti ina majani na jua lina nguvu, kwa hiyo sehemu kubwa ya mvua hunywewa na ardhi au hurudi hewani kabla ya kuufikia mto. Mwezi Februari ardhi imekwisha kushiba tangu Novemba, miti iko mitupu, jua ni dhaifu, na kila milimita inayoongezeka haina pa kwenda ila kuteremka. Ndiyo maana mvua ambayo mwezi Julai ingepita bila kutajwa, leo imelifunika bonde zima.

Chini ya Welshpool bonde hupanuka, na hapo ndipo tulipouona uwanda wa mafuriko ukifanya kazi yake. Mashamba ya malisho yalikuwa yamegeuka ziwa ambalo safu za uzio na miti zililigawa vipande vipande. Kondoo walikuwa wamekwisha kuhamishiwa miinukoni. Mbele kidogo, mto Vyrnwy unaungana na Severn katika uwanda tambarare ambao watu wake wamezoea kuzingirwa na maji, na katika kijiji cha Melverley lipo kanisa la mbao lililojengwa mwaka 1406 kwenye ukingo kabisa wa Vyrnwy. Hatukulifikia. Barabara ilikuwa imefungwa, nasi tuligeuza gari bila mjadala.

Ijumaa, Shrewsbury

Mvua imeendelea kutwa nzima. Mji wa Shrewsbury umejengwa juu ya kilima ambacho mto unakizunguka karibu pande zote, kiasi kwamba kitovu cha mji ni rasi yenye shingo nyembamba. Wazee wa zamani waliochagua mahali hapo walitaka ulinzi dhidi ya maadui, na kwa ajili ya ulinzi huo mto ulikuwa ngome ya bure. Tatizo lilianza mji ulipokua na kushuka kutoka kilimani hadi ukingoni, katika mitaa kama Frankwell na Coleham, ambayo ndiyo inayolowa kwanza.

Frankwell ina kinga iliyokamilishwa mwaka 2003, baada ya mafuriko makubwa ya vuli ya mwaka 2000. Sehemu moja yake ni kuta za kudumu, na sehemu nyingine ni vizuizi vinavyosimikwa pale tu mto unapotishia kupanda: nguzo za chuma hufungwa kwa boliti katika mashimo yaliyokwisha kuandaliwa ardhini, kisha mbao za alumini huteremshwa kati ya nguzo moja na nyingine, na mpira ulio kati yao huzuia maji kupenya. Tulipofika, vilikuwa vimekwisha kusimama. Upande mmoja maji yalikuwa yakipita kasi yakibeba magogo, na upande wa pili mama mmoja alikuwa akitembea na mtoto kwenye kigari, kichwa cha mtoto kikiwa chini ya usawa wa mto.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo picha za magazeti hazilionyeshi. Ukuta unaouzuia mto usiingie mjini huizuia pia mvua ya mjini isitoke kwenda mtoni. Mifereji ya barabarani kwa kawaida humwaga maji yake mtoni kwa mteremko, na mto unapokuwa juu kuliko mdomo wa mfereji, vali hufungwa ili maji yasirudi nyuma, na mvua inayoanguka ndani ya ukuta hubaki hapo hapo. Kwa hiyo pampu zilikuwa zikinguruma mfululizo, zikiyachota maji ya mitaani na kuyarusha upande wa pili wa kizuizi. Wafanyakazi walizisimamia pampu hizo katika mvua wakiwa na makoti ya manjano, wakibadilishana zamu, na sikuona mtu aliyekuwa akiwapiga picha. Walistahili kupigwa picha kuliko mto.

Takwimu za kina cha mto hutolewa kwa umma kila baada ya muda mfupi kutoka vituo vya kupimia vilivyo mtoni kote. Usiku huu katika grafu za takwimu hizo mstari wa Welshpool umeanza kushuka, na wa Shrewsbury bado unapanda, ingawa polepole zaidi kuliko asubuhi.

Jumamosi, Ironbridge

Leo safari ilikuwa fupi. Kutoka katika uwanda mpana mto huingia ghafla katika bonde jembamba lenye kuta za mwinuko mkali, na maji yasiyopata nafasi ya kutanda pembeni hayana budi kupanda juu. Daraja la chuma lililoupa mji jina lake lilijengwa mwaka 1779 na kufunguliwa mwaka 1781, na mafuriko ya Februari 1795, yaliyoyabomoa au kuyaharibu madaraja mengine mengi ya Severn, yaliliacha likiwa zima. Upinde wake mmoja hauna nguzo katikati ya mto ya kupigwa na magogo, na maji hupita kwenye uwazi wake wote.

Hapa vizuizi husimikwa juu ya barabara ya ukingoni, na msingi wake ni lami. Mwezi Februari mwaka 2020 nguvu ya maji ilivisukuma vikasogea, na wakazi wakaamriwa kuondoka haraka kwa hofu kwamba vingeachia. Safari hii vilikuwa vimeshikilia, na mto ulikuwa chini ya ukingo wake wa juu kwa kiasi cha kutosha. Polisi waliwaomba watazamaji wasogee mbali nasi tukasogea.

Jumapili, Bewdley

Mvua imekatika alfajiri, na hapa ndipo nilipoanza kuuelewa ukweli uliokuwa umenileta. Ramani ya hali ya hewa haikuonyesha chochote cha kuogopesha, watu walitoka nje na mbwa wao, na mto ulikuwa ukipanda.

Bewdley ni mji wa kingo mbili zilizopata bahati tofauti. Ukingo wa magharibi, ambako nyumba nzuri za karne ya 18 zinautazama mto, una vizuizi vya kusimikwa tangu mwaka 2006, navyo vimeukinga mara nyingi. Ukingo wa mashariki, mahali panapoitwa Beales Corner, kwa miaka mingi ulitegemea vizuizi vya dharura vilivyowekwa juu ya barabara, na maji yalivipita katika mafuriko ya Februari 2020 na tena Januari 2021. Kati ya pande hizo kuna daraja la mawe lililobuniwa na Thomas Telford na kukamilishwa mwaka 1798, badala ya lile lililochukuliwa na mafuriko ya mwaka 1795. Katikati ya daraja hilo mtu anaweza kugeuza shingo tu na kuona jinsi uamuzi wa fedha na uhandisi unavyoamua ni familia ipi italala kitandani mwake. Katika miaka ya karibuni ujenzi wa kinga ya kudumu ulianza upande wa mashariki pia, na ni haki yao iliyochelewa.

Mzee mmoja wa upande huo alituona tukisoma kipimo kilichochorwa kwenye ukuta akatusimulia, kwa utaratibu wa mtu aliyekwisha kuyarudia mambo hayo mara nyingi, kwamba katika nyumba yake soketi za umeme ziko kifuani mwa mtu, sakafu ya chini ni ya mawe bila zulia, na jikoni makabati hufunguliwa na kupandishwa orofani kwa muda wa saa mbili. Alipoulizwa kwa nini hahami, alisema kwamba mto humjia siku chache katika miaka kadhaa na siku nyingine zote humpa kila anachokitaka. Shemeji, ambaye ana nyumba juu ya kilima, hakuridhika na jibu hilo. Mimi niliridhika nalo, kwa sababu nimekulia karibu na delta ya Rufiji na nimelisikia jibu kama hilo tangu utotoni.

Jumatatu, Worcester na Upton

Jua limewaka tangu asubuhi. Mjini Worcester uwanja wa mbio za farasi ulikuwa umefunikwa wote, na batamaji weupe walikuwa wakiogelea juu ya nyasi ambazo farasi huzikimbilia wakati wa kiangazi. Mji huu umefanya jambo la busara kwa kuuacha ukanda mpana wa ukingo wake uwe viwanja vya michezo na bustani, kwa maana uwanja ukizama kwa wiki moja husafishwa tope na maisha yakaendelea.

Chini ya kanisa kuu kuna lango la zamani la kutokea mtoni, na katika kuta zake yamechongwa mafuriko ya karne kadhaa, kila moja kwa mstari na mwaka wake. Mstari wa mwaka 1770 uko juu sana, na wa 1947 unashindana nao. Mafuriko ya mwaka 1947 yalikuja mwezi Machi baada ya majira ya baridi yenye theluji nyingi mno, hali ya hewa ilipogeuka ghafla kuwa ya vuguvugu na mvua ikanyesha juu ya theluji inayoyeyuka, huku ardhi ya chini ikiwa bado imeganda na haiwezi kunywa kitu. Maji ya leo yalikuwa mbali chini ya mistari hiyo, lakini kusimama pale na kuitazama iliyo juu ya kichwa changu kulinipa heshima ambayo jedwali la takwimu halikuwahi kunipa.

Tukaendelea hadi Upton upon Severn, mji mdogo ambao habari yake inafaa kujulikana popote penye mito. Kabla ya ukuta wake wa sasa, Upton ililindwa na vizuizi vya kusimikwa vilivyohifadhiwa umbali wa kilomita nyingi na ambavyo vililetwa kwa lori mto ulipotishia. Mwezi Julai mwaka 2007 mvua ilinyesha kwa kishindo, barabara kuu zikajaa maji na magari yakakwama, na miongoni mwa yaliyokwama yalikuwa yale yaliyobeba vizuizi vya Upton. Mto ulifika mjini kabla yake. Kila kifaa kilikuwepo, mpango ulikuwepo, na wafanyakazi walikuwa tayari, ila njia ya kukifikisha kifaa ilikatwa na janga lile lile ambalo kifaa kilikusudiwa kulizuia. Mwaka 2012 ulikamilika ukuta wa kudumu wenye vioo vinene sehemu ya juu, ili watu wasinyimwe mandhari ya mto wao, na malango yanayofungwa na watu walio hapo hapo.

Jioni tuliyaona maji yakiwa yamesimama nyuma ya kioo, kahawia, yakibeba vijiti na povu, na ndani watu wakiwa wanakunywa vinywaji vyao. Ninaukubali ukuta huo kwa moyo wote. Ninasema hivyo nikijua kwamba kila ukuta unaolinda mahali fulani huyahamisha maji kwenda mahali pengine, na kwamba hesabu ya huko yanakokwenda lazima ifanywe kwa uaminifu kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Jumanne, Tewkesbury

Mji huu uko mahali ambapo mto Avon unaungana na Severn, na kwa hiyo hupokea vilele viwili. Vikifika kwa nyakati tofauti mji hupumua kati yake. Vikikutana, hali huwa mbaya. Safari hii mvua kubwa ilianguka Wales na si katikati ya Uingereza, hivyo Avon ulikuwa wa wastani. Hata hivyo Severn ulikuwa juu kiasi cha kuuzuia Avon usitoke, na maji ya Avon yakarudi nyuma kimyakimya na kutanda mashambani.

Kanisa la abasia, lililowekwa wakfu mwaka 1121, limejengwa juu ya mwinuko ambao kwa jicho la mgeni si kitu. Mwaka 2007 picha yake ilizunguka dunia likiwa limezingirwa na maji pande zote kama kisiwa, na maji yakaingia ndani kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1760. Watawa waliochagua mahali hapo walikuwa wameusoma mto vizuri kuliko wengi waliojenga karne nyingi baada yao.

Madhara makubwa ya mwaka 2007 yalivuka mipaka ya nyumba zilizoingiliwa. Kituo cha kusafishia maji cha Mythe, kilicho nje kidogo ya mji, kilizama, na takriban watu 350,000 wakakosa maji ya bomba, wengine hadi siku 17, ilhali wengi wao nyumba zao hazikuguswa na mto hata kidogo. Tulipita karibu na kituo hicho na kuziona kinga zilizojengwa baadaye. Ninapowaza juu ya mafuriko ya kwetu ninakikumbuka kituo hicho, kwa sababu swali la kwanza kuliuliza katika mji wowote ulio kando ya mto ni mahali pampu za maji na transfoma za umeme zilipo, na zimewekwa juu kiasi gani.

Kati ya mji na mto mkuu kuna malisho mapana yanayoitwa Severn Ham, ambayo leo yalikuwa maji matupu. Hayajajengwa nyumba hata moja. Mashapo yanayoachwa na mafuriko huyarutubisha, na wakati wa kiangazi nyasi zake hukatwa kwa ajili ya mifugo. Wakulima wa Rufiji hufanya lililo karibu na hilo wanapopanda mahindi na kunde za mlau katika unyevu ulioachwa na mto unaporudi, na shemeji, ambaye alikuwa amesahau habari hizo, alinitaka nimweleze utaratibu wote tangu kupanda mpunga hadi kuvuna kunde. Nilimweleza tukiwa tumesimama ukingoni mwa maji hadi giza lilipoingia.

Jumatano, Gloucester

Gloucester ndipo mto unapokutana na bahari kabla ya kuifikia. Mdomo wa Severn una tofauti ya maji kujaa na kupwa inayozidi mita 14 katika siku za bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, miongoni mwa kubwa kabisa duniani, na maji yanapojaa kwa nguvu hiyo huupanda mto kwa wimbi linalokwenda kinyume cha mkondo. Kwa mji huu, basi, kilele cha mafuriko si hesabu ya mvua ya Wales peke yake. Kikifika wakati wa bamvua, bahari huusukuma mto nyuma kama mlango unaofungwa, na maji hupanda hata pale ambapo ujazo wake si mkubwa; kikifika wakati wa maji mafu, ambapo kujaa na kupwa huwa kudogo, mto hupata njia ya kutoka.

Hapa pia mwaka 2007 ulikaribia kuacha jeraha kubwa zaidi. Kituo cha umeme cha Walham, kinachohudumia takriban watu nusu milioni, kilinusurika baada ya wanajeshi na zimamoto kukizungushia vizuizi vya haraka usiku huku maji yakipanda.

Tulisimama Maisemore, ambako barabara inaupita uwanda juu ya tuta, na mashamba ya pande zote mbili yalikuwa yamezama. Mfanyakazi wa barabara alikuwa akisoma kipimo na kuandika katika daftari. Alituonyesha jedwali lake la kujaa na kupwa: mwezi ulikuwa umefika robo, maji yalikuwa mafu, na bamvua iliyofuata ilikuwa bado siku kadhaa. Kilele tulichokuwa tumekifuata tangu milimani kilikuwa kimepita saa za alfajiri, kikiwa chini ya uso wa barabara kwa shibiri mbili hivi, na saa nane mchana kipimo kilikuwa kimeshuka upana wa kiganja. Barabara iliachwa wazi. Alisema kwamba mashamba yangechukua wiki kadhaa kujitoa maji, na kwamba mvua nyingine ya kiasi hicho hicho ikinyesha Wales kabla ya bamvua kupita, ataifunga barabara hiyo kwa mkono wake mwenyewe.